Pwani Inayohama: Neno, Mwamba na Wajibu wa Wanakiswahili

Neno pwani limezoeleka mno masikioni mwa wazungumzaji wa Kiswahili hivi kwamba ni wachache wanaojishughulisha kulifungua na kutazama kilichomo ndani yake. Likifunguliwa, hupatikana shina pwa pamoja na kiambishi tamati cha mahali -ni. Shina hilo ndilo lililomo katika kitenzi kupwa, yaani maji ya bahari kurudi nyuma na kuiacha wazi ardhi yaliyokuwa yameifunika. Ndilo pia lililomo katika nomino kipwa, mwamba au fungu linalojitokeza maji yanapotoka. Pwani, basi, ni mahali pa kupwa. Ni ardhi iliyopewa jina kutokana na kile inachotendewa na maji: asubuhi ipo, alasiri haipo, usiku ipo tena.

Waliolibuni neno hili walikuwa wameelewa jambo ambalo vitabu vingi vya shule vinalipita kimya. Ufuo haujatulia. Aghalabu mwanafunzi hukutana na pwani kama mstari mweusi kwenye ramani, upande mmoja buluu na upande wa pili kijani, na huondoka darasani akiamini kwamba mstari huo ulikuwapo tangu azali. Katika uhakiki wa fasihi nako, pwani hutajwa kuwa mandhari, kana kwamba ni pazia lililotundikwa nyuma ya wahusika. Hata katika mazungumzo ya siasa, neno lenyewe lilisinyaa likawa jina la mkoa, na ingawa mikoa hiyo ilikoma kuwa ngazi za utawala mwaka 2013, maana hiyo finyu imebakia vinywani.

Ni bayana kuwa wanajiolojia wameichunguza pwani ya Kenya kwa kina. Walichoandika, hata hivyo, kimo katika Kiingereza, na wanakiswahili hawakijali kwa kuwa wanakiona si chao. Hilo ni kosa. Historia ya ufuo ni sehemu ya historia ya lugha iliyokulia ufuoni, na mizozo ya leo kuhusu ardhi, kuta, mchanga na visima vya maji matamu huamuliwa kwa istilahi ambazo wenyeji hawakushirikishwa kuziunda, ilhali lugha yao ina maneno ya mambo hayo kwa wingi.

Inafaa kuanza mbali. Nyuma ya Mombasa, katika udongo mgumu wa mfinyanzi, kumepatikana visukuku vya amonaiti, viumbe wa bahari waliokuwa na magamba yaliyojiviringa kama pembe ya kondoo dume, walioishi katika kipindi cha Jurasiki. Viumbe hao walifika huko kwa sababu bahari ilikuwako huko. Yapata miaka milioni 160 iliyopita, Bukini, kama mabaharia wa kale walivyoiita Madagaska, ilianza kubanduka kutoka bara la Afrika. Ufa ulifunguka, maji yakaingia, na ukingo wa mashariki wa bara ukapata bahari. Mawe ya chokaa yaliyoko Kambe, ambako Wamijikenda wana mojawapo ya makaya yao, ni masalio ya sakafu ya bahari ya zamani hizo. Mzee anayepanda kuelekea kaya hukanyaga bahari iliyogeuka jiwe, ingawa mawimbi ya leo yako mbali naye.

Karibu zaidi na wakati huu, kuna mwamba ambao kila mgeni wa Mombasa ameuona bila kuutambua. Majabali meupe yanayokabili bahari kutoka kusini mwa Mombasa hadi Malindi na kuendelea ni matumbawe. Matumbawe hayajengi nchi kavu. Hujenga chini ya maji, mahali penye mwangaza. Sehemu kubwa ya uso wa mwamba huu huhusishwa na kipindi cha takriban miaka 125,000 iliyopita, ambapo dunia ilikuwa na joto kidogo kuliko kabla ya enzi ya viwanda na bahari ilisimama kati ya mita 6 na 9 juu ya kimo cha sasa. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, imeketi juu ya mwamba huo, na kuta zake zimetokana na jiwe lilo hilo. Nyumba za Lamu, misikiti ya Gedi na makaburi ya Mambrui ni hivyo hivyo. Waashi wa Kiswahili walijua kutofautisha jiwe gumu linalochimbwa nchi kavu na tumbawe laini linalokatwa baharini likiwa bado bichi, ambalo huchongeka vizuri kwa mihirabu na vizingiti. Huo ulikuwa ujuzi wa jiolojia, ijapokuwa haukuitwa hivyo.

Baada ya kipindi hicho cha joto, baridi ilirejea. Maji mengi ya dunia yaligeuka barafu katika nchi za kaskazini, na bahari ikashuka. Takriban miaka 20,000 iliyopita, ilikuwa chini ya kimo cha leo kwa kiasi cha mita 120. Hapa ndipo pwani ilipokupwa kwelikweli. Mwamba wa matumbawe uliachwa juu kama ukuta mkavu. Upande wa kusini, ambako sakafu ya bahari huporomoka karibu na nchi kavu, ufuo ulihama kilomita chache tu. Katika Ghuba ya Ungwana, ambako sakafu ni pana na ya kina kidogo, ulikwenda mbali zaidi. Lamu, Manda na Pate hazikuwa visiwa. Mito nayo, ikifuata bahari iliyoshuka, ilikata mabonde marefu katika mwamba ili iifikie.

Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda na kuyajaza mabonde hayo. Mabonde yaliyozama ndiyo yanayoitwa hori leo: Mtwapa, Kilifi, Tudor na mengineyo. Mombasa yenyewe ni kilima kilichosalia kati ya mabonde mawili yaliyofurika. Mto kama Mwachi, ambao sasa huishia katika maji ya chumvi nyuma ya bandari, zamani uliendelea na safari yake hadi baharini kupitia pale ambapo leo meli hutia nanga. Msafiri anayevuka kwa feri kutoka Likoni huvuka bonde la mto. Na hapa lugha inatoa ushahidi wake bila kuulizwa, kwani Kilindini ni penye kilindi, mahali pa kina kirefu. Mabaharia walioliita hivyo hawakuwa na habari za enzi ya barafu. Waliteremsha bildi, kamba ikaenda chini, wakapata jina. Kina walichokipima kilichimbwa na mto wakati bahari ilipokuwa chini.

Kisa cha Unguja na Pemba ni cha kusisimua kwa mwanafunzi wa lahaja. Mkondo unaotenganisha Unguja na bara hauna kina kikubwa, kwa hivyo wakati wa barafu Unguja ilikuwa sehemu ya Afrika, na ilitengwa yapata miaka 10,000 iliyopita. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wanaakiolojia wamefukua mifupa ya wanyama wa bara, akiwemo punda milia. Punda milia hawakuogelea hadi huko, walitembea. Pemba ni tofauti. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na hata bahari iliposhuka kabisa kisiwa hicho hakikuungana na bara. Watu huvitaja visiwa hivi viwili kwa pumzi moja, lakini kimaumbile vina nasaba tofauti kabisa.

Yapata miaka 7,000 hadi 6,000 iliyopita, bahari ilipunguza mwendo na kusimama karibu na mahali ilipo sasa. Kiswahili kilichipuka baadaye sana, katika milenia ya kwanza baada ya Kristo, kwenye ufuo ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa umekwisha kupata sura yake. Hili ni jambo la kuzingatiwa na wale wanaopenda kudai kwamba kila kitu kimo katika lugha. Kiswahili kina utajiri usio kifani wa maneno ya maji yanayokwenda na kurudi kila siku: bamvua na maji mafu, kujaa na kupwa, mkondo, mlango, fungu. Hakina kumbukumbu ya bahari iliyoshuka mita 120, wala isingewezekana. Methali isemayo kuwa maji yakijaa hupwa inafundisha marejeo, kwamba kila kilichopanda kitashuka na mambo yatakuwa yalivyokuwa. Dahari ndefu ya miamba inaonyesha mengine: bahari hurudi, lakini hairudi mahali pale pale, na ardhi iliyoiacha haikuti kama ilivyoiacha. (Si ajabu kwamba Kiswahili kina nomino zama, yenye maana ya vipindi vya kale, na kitenzi zama, yaani kwenda chini ya maji. La kwanza ni la Kiarabu na la pili ni la Kibantu, hayana udugu wowote. Hata hivyo mtu anayefundisha habari za mahori atashawishika kuyaweka pamoja.)

Isidhaniwe kwamba baada ya bahari kusimama ufuo nao ulisimama. Mito iliendelea kuusogeza, na hakuna unaofaa kusomwa na wanakiswahili kuliko Sabaki. Jina hilo lafahamika vyema katika idara za isimu. Nurse na Hinnebusch walilitumia katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu historia ya kundi la lugha linalojumuisha Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Kila mwanafunzi wa isimu historia ameliandika jina la Sabaki katika karatasi ya mtihani. Ni wangapi kati yao wanaojua kwamba mto huo wenyewe unabadilisha umbo la nchi?

Sabaki ni mwisho wa safari inayoanza katika nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi. Mto hupokea maji ya Mto Nairobi, hupita Ukambani, huungana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha hufika baharini kaskazini mwa Malindi ukiwa mwekundu kwa udongo. Wakati wa kaskazi udongo huo husukumwa kusini kuelekea Malindi na hifadhi yake ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Wakati wa kusi hupelekwa kaskazini. Mchanga hutupwa ufuoni, upepo huuchukua na kuujenga kuwa matuta, na ufuo wa Ghuba ya Malindi umekuwa ukisonga mbele kuingia baharini. Mahali pengine watu hulalama kuwa bahari inawala; huku nchi kavu ndiyo inayoila bahari.

Ushahidi wa lini jambo hili lilishika kasi ulitoka kwa tumbawe. Watafiti walichunguza tumbawe moja la Malindi ambalo lilikuwa limekua kwa takriban miaka 300, likiongeza tabaka mwaka hadi mwaka kama pete za mti. Udongo wa mto huleta bariamu, na bariamu huingia katika tabaka hizo. Wingi wake ni kipimo cha udongo uliofika baharini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba kati ya mwaka 1700 na 1900 kiasi hicho hakikubadilika sana, kisha kikaanza kupanda katika karne ya 20. Ni karne iliyoleta walowezi, ukataji wa misitu na mashamba makubwa nyanda za juu, na kuwasongamanisha Waafrika katika maeneo finyu ya mitelemko. Udongo uliolegezwa huko ulishuka hadi Malindi. Kwa hivyo historia ya ukoloni nchini Kenya imeandikwa pia ndani ya tumbawe, na mwandishi wake hakuwa na upande. Riwaya na tamthilia za Kiswahili zimeusimulia unyang'anyi wa ardhi kwa miongo mingi. Ardhi iliyonyang'anywa ilikwenda wapi baada ya mvua ni swali ambalo uhakiki haujalifikia, na jibu lake limo katika maji mekundu ya Sabaki.

Tana nayo ina kisa cha kinyume. Katika karne ya 19, mfereji wa Belezoni uliuunganisha mto huo na Ozi, na baadaye maji yakaipenda njia hiyo mpya hadi mdomo wa Tana ukawa Kipini. Kisha, katika karne ya 20, yakajengwa mabwawa: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Bwawa huzuia maji, na pamoja na maji huzuia udongo na mchanga. Delta inayonyimwa mchanga haiwezi kujaza kile ambacho mawimbi yanamega. Bandu bandu huisha gogo. Wale wanaoshiriki mjadala wa chimbuko la Kiswahili, na hasa wale wanaolitafuta kati ya Tana na visiwa vya Lamu, wangefanya vyema kukumbuka kwamba midomo ya mito wanayoichora kwenye ramani zao siyo ile waliyoijua wasemaji wa kwanza.

Magofu pia yanahitaji kusomwa upya, ingawa kwa tahadhari. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, umewafundisha wasomaji wa vizazi vingi kuutazama uharibifu wa Pate kwa jicho la dini na maadili: utajiri ni upepo, majumba ni makazi ya popo. Usomaji huo una haki yake. Lakini mwalimu anayeishia hapo huwanyima wanafunzi nusu ya habari, kwani Pate ni mji ambao hata leo chombo huungojea wakati wa maji kujaa ili kiufikie. Bandari isiyo na kina haiwezi kushindana na Lamu wala Mombasa, hata watu wake wakiwa wachamungu. Kwa upande mwingine, hairuhusiwi kuigeuza bahari kuwa jibu la kila kitu. Wapo wanaodai kwamba Gedi, uliohamwa katika karne ya 17, ulikuwa kando ya maji na kwamba bahari ilirudi nyuma kilomita kadhaa na kuuacha. Bahari haikushuka kiasi hicho katika karne chache. Wataalamu wametaja kushuka kwa maji ya visima kuwa mojawapo ya sababu za mji huo kuhamwa, pamoja na vita na misukosuko mingine, na hiyo ni hoja yenye mashiko zaidi.

Patakuwa na mhadhiri atakayeuliza: hayo yote ni ya idara ya Jiografia, yana nini na Kiswahili? Swali hilo lina mantiki ya ratiba za chuo tu. Jiografia ya Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kuunda istilahi darasani, kwa kunyambua na kutohoa, mbali na watu ambao tayari wana maneno. Matokeo yake ni istilahi zinazotafsiri Kiingereza neno kwa neno na ambazo mvuvi wa Kizingitini akizisikia hatazielewa. Bonde la mto lililozama halihitaji neno geni. Hori lipo, na likihitaji ufafanuzi litaitwa hori la bonde lililozama. Ngazi za mwamba zilizoachwa na bahari ya zamani zinaweza kuitwa ngazi za mwamba. Neno mashapo limekwisha kukubalika kwa udongo na mchanga unaotua majini. Pale ambapo lugha haina neno kweli, kama ilivyo kwa majina ya vipindi vya miaka mamilioni, kutohoa si aibu.

Kazi iliyo mbele ya vyama vya Kiswahili vyuoni ni ya miguu kuliko ya kalamu. Maneno ya ufuo yamo kwa manahodha, wavuvi, wakataji wa mawe na wanawake wanaookota makome wakati wa bamvua. Yanatofautiana kutoka Vanga hadi Kiunga, na wanaoyajua wanapungua kadiri vyombo vya matanga vinavyopungua. Kusanyiko moja la maneno hayo, likiambatanishwa na maelezo ya mahali na aina ya mwamba, litawafaa wanaleksikografia na wanajiolojia kwa pamoja. Litawafaa wanajiolojia zaidi, pengine, kwa kuwa mvuvi anayejua kwamba fungu fulani lilikuwa mahali pengine utotoni mwake ana takwimu ambazo hakuna aliyezirekodi.

Haja ya kazi hiyo haiwezi kungojea. Tangu mwaka 1900 bahari za dunia zimepanda kwa kiasi cha sentimita 20, na sasa hupanda kwa zaidi ya milimita 3 kila mwaka. Katika miaka ya karibuni ulijengwa ukuta wa kuikinga Fort Jesus na mawimbi. Wenye viwanja kwenye fuo nyingi wamejenga kuta zao pia. Wimbi linalogonga ukuta hurudi kwa nguvu na kuuchota mchanga ulio mbele yake, na mchanga uliokuwa ukisafiri na kusi na kaskazi hadi kwa jirani haufiki tena. Kila ukuta humzalia jirani haja ya ukuta.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inahesabu miongoni mwa ardhi za umma ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Kwa lugha ya mvuvi hiyo ndiyo pwani hasa, pwani yenye shina lake la pwa, na sheria imempa kila mwananchi. Ila alama huwekwa na maji, na maji ya Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua lakini kidogo mno wakati wa maji mafu. Kwenye ufuo mpana wenye mteremko mdogo, tofauti hiyo ni hatua nyingi za mtu mzima. Mkalimani mahakamani atakayesema "maji kujaa" bila kueleza ni ya bamvua au ni maji mafu, atakuwa amempa mtu mmoja hatua hizo zote na kumnyang'anya mwingine.